Kuuza Mkeka: Kosa Liko kwenye Jana, Si kwenye Kesho

Maneno haya niliwaambia vijana wa bodaboda na wanafunzi wa chuo, Jumamosi moja mchana, Morogoro, kwenye ukumbi ambao feni mbili kati ya nne zilikuwa hazizunguki. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza vicheko, na maswali mawili ambayo hayaandikiki.

Mwenyekiti wa kijiwe, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyie vijana mliojazana karibu na mlango ili mtoke mapema, habari za mchana. Wazee, shikamooni.

Aliyenialika alinipigia simu akaniuliza: "Mama Wakili, hivi kuuza mikeka ni kosa?" Nikamjibu, inategemea. Akacheka, akasema mawakili wote jibu lenu ni hilo hilo. Basi leo nimekuja kulimalizia.

Wazee wananitazama, kwa hiyo nianze na mkeka wenyewe. Baba zangu, mkeka huu haukaliwi. Ni orodha ya mechi ambazo kijana wako amebashiri matokeo yake na kuziwekea hela kwenye kampuni ya kubeti. Mechi zote zikienda alivyosema, mkeka umetiki. Moja tu ikimwangusha, umechanika. Sasa wapo watu ambao kazi yao ni kuwauzia wenzao mikeka. Ana kundi la Telegram la bure lenye watu kibao, halafu ana lingine analoliita la VIP. Unatuma elfu thelathini ya mwezi kwenye Lipa Namba, unaingizwa, na kila asubuhi unapewa mechi tatu "za uhakika".

Mmoja wao alikuja ofisini kwangu mwaka jana. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, simu mbili. Mteja wake alikuwa ametishia kumpeleka polisi, naye alitaka kujua kama ana kosa. Nikamwambia afungue simu tuangalie pamoja. Nitarudi kwake.

Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa 2003, na tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayoisimamia. Sheria hiyo inamhusu anayeendesha mchezo: mwenye kasino, mwenye mashine, mwenye bahati nasibu, mwenye kampuni ya kubashiri. Huyo lazima awe na leseni. Anayesema tu "mimi namwona Azam akishinda kesho" hapokei dau la mtu, hapangi odi, yaani kiwango cha malipo kwa kila dau, na hamlipi mshindi. Ameuza maoni. Maoni ya Simba na Yanga yanatolewa bure kwenye vijiwe vya mji huu tangu sijazaliwa, na ukimpata mtu wa kuyalipia, sheria hiyo haikuzuii. Uingereza nako ni hivyo: sheria yao ya kamari ya 2005 inawataka wenye kampuni za kubashiri wawe na leseni, lakini anayeuza ubashiri mtupu haombi leseni ya kamari kwa mtu.

Hapo Uingereza kuna mzee mmoja nampenda, ingawa sijui kama ningempa hata shilingi. Alijiita Ras Prince Monolulu. Alivaa manyoya ya mbuni kichwani, akajinadi kuwa mtoto wa kifalme kutoka Uhabeshi, na akazunguka kwenye viwanja vya mbio za farasi akiuza bahasha zenye jina la farasi atakayeshinda. Kwao hasa kulikuwa St. Croix, kisiwani Karibi. Mwaka 1920 aliweka hela kwenye farasi aitwaye Spion Kop katika mbio za Derby, farasi ambaye wengi walikuwa wamempuuza, na farasi akashinda. Jina lake likakua tangu siku hiyo, akaendelea kuuza bahasha miaka mingi, hadi uzee wake. Ushindi mmoja uliotangazwa vizuri unaweza kumlisha mtu maisha yake yote. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Basi kosa linaingilia wapi? Fungueni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa namba tulizozizoea mawakili ni kifungu cha 301 na cha 302: kujipatia fedha au mali kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yake inafika miaka 7 jela. Wenzetu wa Kenya wanalo kosa hilo hilo, maneno karibu yale yale kwa sababu sote tuliyarithi kwa Mwingereza, ila kwao kifungo ni miaka 3.

Sikilizeni sheria inavyouelezea udanganyifu huo, maana utamu wote uko hapa. Ni kudai jambo lililopita au lililopo, jambo ambalo ni uongo, na wewe unayedai unajua ni uongo au huliamini. Lililopita au lililopo. Kesho haimo. Mtu akikuambia "Yanga atashinda kesho" na Yanga akapigwa tatu, kwa kosa hili humpati, hata ukimchukia namna gani. Kesho haina ukweli wala uongo mpaka ifike. Lakini mtu huyo huyo akikuambia "mkeka wangu wa jana ulitiki, huu hapa, nililipwa milioni nne", hapo amezungumzia jana. Jana ina ukweli. Kama hakubeti, au alibeti akaliwa, na wewe ukatoa elfu thelathini kwa kuiamini picha ile, hayo ndiyo maneno ya kifungu cha 301 yakitembea kwa miguu yake.

Nikamwambia yule kijana, haya, nionyeshe jana zako.

Jana za wauza mikeka ni za aina tatu, na yeye alikuwa nazo mbili. Ya kwanza, picha za mikeka iliyotiki. Nikamuuliza hii ulibeti wewe? Kimya. Mnajua wenyewe zinavyotengenezwa: unafungua ukurasa wa kampuni kwenye kompyuta, unabadilisha tarakimu zinazoonekana kwenye kioo chako peke yako, elfu mbili inakuwa laki mbili, unapiga skrinshoti. Kampuni haijaguswa, akaunti haijaongezeka hata senti, lakini picha inaonekana halali kabisa. Hilo linakuingiza pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kuchapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa unayojua ni ya uongo, iwe maandishi au picha, kwa nia ya kupotosha umma. Faini haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Aina ya pili ilikuwa ya kimya kimya. Asubuhi anatuma mikeka minne. Usiku miwili imechanika, anaifuta. Anayejiunga kesho yake akipandisha juu kuangalia historia anakuta iliyotiki tupu, kijani kama mpunga wa Kilombero. Kila alichokiacha ni kweli, lakini ile historia yote ni uongo. Je, hilo ni udanganyifu wa jinai? Wakili wa utetezi angekuwa na la kusema, na nisingemlaumu. Lakini Sheria ya Ushindani ya 2003 haihitaji kwenda mbali hivyo. Inamkataza mtu kwenye biashara kufanya jambo linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Kuelekea tu kunatosha.

Aina ya tatu yeye hakuwa nayo, lakini nawapa kwa sababu ni ya watu wenye akili, na wenye akili ndio wa kuogopwa. Chukua namba 800 za simu. Chagua mechi moja. Watu 400 waambie mabao yatazidi mawili, na 400 waliobaki waambie hayazidi. Mechi imeisha, upande mmoja umepatia. Wale waliopewa kosa achana nao, hutawahi kuwasikia tena. Wale 400 wagawe, 200 huku, 200 kule. Mechi ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Mwisho unabaki na watu 25 ambao wameona kwa macho yao, kwenye simu zao, bila skrinshoti ya mtu, kwamba umepatia mechi tano mfululizo. Waambie ya sita ni elfu hamsini. Watalipa wote 25, na watakopa ili walipe. Hiyo ni 1,250,000, na wewe hujui mpira hata rangi yake. Kila neno ulilomwambia kila mmoja wao kuhusu jana ni kweli. Ulichomficha ni wale 775.

Sasa tufike kwenye "fiksi". Naona mlango wa nyuma umechangamka.

Mtu anakwambia ana mechi iliyopangwa, ameipata kwa mtu wa ndani, nusu saa ya kwanza moja bila, mwisho wa mchezo mbili moja, laki moja na nusu. Kisheria hakuna maneno yanayomfunga muuzaji kirahisi kuliko haya, kwa sababu hajabashiri. Amesema "mechi hii imeshapangwa", na hilo ni dai la leo. Ama ni uongo, na tunarudi 302, miaka 7. Ama ni kweli, na hapo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali. Inamkamata pia mwajiriwa anayemsaliti mwajiri wake kwa hongo, na mchezaji ni mwajiriwa wa klabu. Anayenunua mechi ya namna hiyo akiamini ni ya kweli naye ajiulize anapeleka malalamiko gani polisi. "Afande, nililipa ili nishiriki kwenye matokeo ya rushwa, bahati mbaya rushwa yenyewe haikuwepo." Wateja wangu wawili nimewashauri wakae kimya kwa sababu hiyo hiyo, na muuzaji wa fiksi anaitegemea aibu hiyo kuliko anavyotegemea kitu kingine chochote.

Na msidhani upangaji wa mechi ni hadithi. Tarehe 7 Septemba 2010 Bahrain iliifunga Togo mabao 3 kwa 0, halafu shirikisho la soka la Togo likasema halikutuma timu yoyote Bahrain. Watu kumi na moja walikuwa wamevaa jezi za taifa ambalo halikuwatuma! Mwaka uliofuata Mwasingapoo Wilson Raj Perumal alikamatwa Finland na akahukumiwa miaka 2 kwa kununua mechi huko. Lakini tazameni wapangaji wa mechi wanavyofanya kazi. Wanahitaji siri isivuje, kwa kuwa pesa nyingi zikiingia ghafla upande mmoja odi inaporomoka na kampuni inaifunga mechi. Mwenye siri ya kweli anailinda dhidi yako. Haitangazi kwenye kundi la watu elfu nne na kuweka Lipa Namba chini yake.

Kijana mmoja amenyoosha mkono: "Mama, na wale wanaosema ukiliwa wanarudisha hela?"

Asante, hilo ni swali la mwanasheria. Mwaka 1891 London kulikuwa na kampuni ikiuza kifaa cha kuvuta moshi wa dawa, Carbolic Smoke Ball. Ikatangaza gazetini kwamba anayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili na bado akapata mafua atalipwa pauni 100, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mama mmoja, Louisa Carlill, akanunua, akavuta, akaugua. Akadai chake. Kampuni ikaleta kila aina ya kisingizio. Kimojawapo, na hapa ndipo panapotuhusu, ilisema makubaliano yale yalikuwa kamari na kamari haidaiwi mahakamani. Ikashindwa. Mahakama ikasema hapa hakuna kamari, kuna ahadi, na aliyetimiza sharti alipwe. Kesi hiyo wanafunzi wangu wa sheria pale wameshaikariri. Mama Carlill mwenyewe aliishi hadi 1942.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina asili ya ile ya India ya 1872, na inasema makubaliano ya kamari ni batili. Wauza mikeka hupenda kujificha hapo: "Mambo ya kubeti hayo, huwezi kunidai." Si kweli. Kamari inataka pande zote mbili ziwe na la kupata au kupoteza kwa matokeo yale yale. Aliyekuuzia ubashiri kwa elfu thelathini ameshapata chake, Simba afungwe, Simba ashinde. Huo ni mkataba wa huduma wenye ahadi ya kurudisha fedha, na ahadi inadaiwa. Tatizo ni kwamba ni elfu thelathini, na nauli ya kwenda mahakamani, siku ya kazi iliyopotea, na karatasi za kuchapisha, vinaila kabla hujamwona hakimu. Muuzaji anajua hesabu hiyo vizuri kuliko anavyojua msimamo wa ligi.

Lipo pia jambo la "nipe mimi nikubetie". Hapo muuzaji anapokea dau lako, analichanganya na la wenzako, anaahidi kila wiki utapata asilimia fulani. Jamani, hapo ametoka kwenye maoni. Ameshika fedha za watu na kuahidi faida, na maswali ya leseni yanaanza, na yule wa wiki ya kwanza akilipwa kwa hela za aliyeingia wiki ya tatu, huo ni upatu. Wenye umri wangu wanakumbuka DECI, ule upatu wa 2009, na lugha yake ya kupanda mbegu. Viongozi wake waliishia mahakamani Kisutu.

Kuhusu kodi sina mengi. Biashara ni biashara, na TRA haiulizi kama unauza nyanya au mechi.

Ila kuna kitu hakijaandikwa kwenye kosa lolote nililotaja, nacho kinanikera kuliko yote. Baadhi ya wauza mikeka wanalipwa na kampuni zenyewe kwa kila mtu wanayemwingiza kupitia linki yao. Biashara hiyo ipo dunia nzima, na mikataba yake mingine humpa mleta wateja fungu la kile ambacho wateja wake wanapoteza. Fikiria. Unamlipa mtu akushauri, na ukiliwa analipwa mara ya pili. Yule kijana nilipomuuliza kama ana linki ya namna hiyo alitazama dirishani. Nikamwuliza wanaojiunga wanajua? Akasema, "Mama, hawajawahi kuuliza."

Hesabu yenyewe ndogo niliipigia nyuma ya bahasha mbele yake. Mteja wake wa kawaida anaweka elfu mbili kwa siku, elfu sitini kwa mwezi. Ada ya VIP elfu thelathini. Ili arudishe ada tu, kabla ya faida hata ya soda, kila shilingi anayoweka inatakiwa imletee senti hamsini juu, mwezi mzima. Hakuna fundi wa kubashiri duniani anayeishi kwa kiwango hicho. Na wale wanaonunua ubashiri wa jekipoti ya mechi 17, kila mechi ina matokeo matatu: namna ya kuijaza ni 129,140,163. Kijana akasema hajawahi kuiona namba hiyo ikiandikwa.

Kwa aliyetapeliwa, nasema haraka. Usifute meseji kwa hasira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu mazungumzo ya simu kuwa ushahidi mahakamani, mradi yaonyeshwe yametunzwa vizuri. Hifadhi ujumbe wa muamala wenye jina lililotokea ulipotuma. Namba inayokuletea ujumbe wa kitapeli itume kwenda 15040, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na piga *106# uone kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, maana matapeli hawapendi kutumia vyao.

Nirudi kwa kijana wangu, kisha niwaache, naona jua limeshafika kwenye viti vya wazee. Aliniuliza: "Kwa hiyo nifunge?" Nikamwambia sheria haijakuambia ufunge. Futa neno "uhakika". Ondoa kila picha ya mkeka usioweza kuthibitisha. Mkeka uliochanika uache pale pale ulipo, na mwisho wa wiki andika jumla: tumeweka kiasi gani, tumepata kiasi gani. Andika juu kabisa kwamba kampuni fulani inakulipa kwa linki yako. Aliye chini ya miaka 18 mtoe. Ukifanya hivyo, mtu akinunua maoni yako amenunua maoni, na mimi nitakutetea mahakama yoyote.

Alifanya. Sikutegemea, lakini alifanya. Siku hiyo kundi lake la kulipia lilikuwa na watu 640. Wiki ya kwanza aliandika jumla ya kweli, wakatoka 200 na kitu. Wiki ya pili aliandika kuhusu linki. Juzi kanitumia ujumbe kwamba wamebaki 11. Nimehesabu majina: mmoja ni mimi, mwingine ni karani wangu, na sisi hatubeti.